Mji wa Mwanakheri

Gari la kumhamisha Shomvi lilikuwa limeshawashwa. Siku hizi ukishindwa kitendawili cha mwaka, mji unaotoa ni huohuo unamoishi, na mashine ya langoni haijui kubembelezwa. Mkewe, Mwanakheri, alikuwa bado hajaulizwa. Nilimfundisha mimi: usihangaike na umbo la kitu, jiulize kinafanya kazi gani, na jibu likija utacheka mwenyewe.

"Kitendawili!" mashine ikaita.

"Tega."

"Mchana tunashiba, usiku tuna njaa mlangoni."

Viatu! Nikamwona anatabasamu, maana utamu wa jibu haufichiki usoni.

"Sijui," akasema. "Chukua mji."

"We Mwanakheri, una wazimu?" Shomvi akapiga kelele garini. "Jibu unalo!"

"Ninalo. Hebu sogea huko, umejaza kiti kizima na masufuria."

Sasa wanaishi kaskazini, chumba kimoja. Nyumba yao wamepewa watu wengine. Mwakani wataulizwa tena, kila mtu peke yake. Mimi mwenyewe nimeshatoa miji tisa, ukiwemo ule, na huku nilipo nafundisha watoto, kwa kuwa nao wameanza kuulizwa.