Nyayo Juu ya Tuta

Gwriad alikuwa amekanyaga unyayo wa mwanawe, na hakuthubutu kuinua mguu.

Chini ya soli yake, ubavuni mwa alama za kwato, palikuwa na alama ya kiatu chenye kiraka kisiginoni. Kiraka hicho alikishona mwenyewe. Kijana wake, Ithel, alitoka alfajiri na kamba begani, hakuaga, na ukungu ukammeza.

"Haya, mzee," alisema Ceolmund, Mwingereza aliyedai ameibiwa ng'ombe. Nyuma yake walisimama ndugu zake wawili, mmoja na shoka. "Sisi tumefuata kwato mpaka hapa juu ya tuta la mpaka. Huko chini ni kwenu Wawelisi, zifuate wewe. Ndiyo desturi."

"Ndiyo desturi," Gwriad aliitikia.

"Sasa mbona umeganda kama kigingi?"

"Magoti, bwana. Uzee."

"Uzee! Juzi si ulikuwa unafukuza kondoo mbio?"

Ndugu zake wakacheka. Ceolmund hakucheka. Alianza kuinama ayatazame matope vizuri.

Gwriad alizidi kuukandamiza mguu matopeni. Mpakani hapo mwizi wa ng'ombe alikatwa mkono papo hapo, bila kesi wala wazee. Ithel alikuwa anaoa mavuno yakiisha. Angeshikaje plau kwa mkono mmoja? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Usijisumbue," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyemchukua ng'ombe wako. Tamaa tu, bwana. Keshavuka milima, humwoni tena."

Ceolmund alimkazia macho. "Gwriad, miaka yote hii tumejuana."

"Ndiyo hivyo."

"Basi lete mkono."

Alipopiga magoti aliufuta ule unyayo kwa goti, polepole, wasione. Walimnyoosha mkono wa kulia juu ya jiwe. Akafumba macho, na shoka likashuka.

Mayowe yake yalikuwa hayajaisha sauti ya kijana ilipopenya ukungu kutoka mbali, chini handakini.

"Nani huyo anayelia huko juu? Ceolmund? Nyamaza, bwana, ng'ombe wako hajafa! Katumbukia kwenye tope huku, nahangaika kumvuta tangu alfajiri. Hebu kamwite baba aje anisaidie!"