Kitanda cha Kukaguliwa

Kitanda kilikwama mlangoni, miguu miwili ndani, miwili nje, na Anselmi katikati kama mbuzi aliyenasa kwenye uzio.

"Kilaze ubavu!" Mama Furaha aliamuru kutoka uani. "Askari mzima unashindwa na kitanda? Adui akija sisi wengine tukimbilie wapi?"

Filomena alisukuma kwa bega. Taya lake lilikuwa limefungwa kitambaa mpaka utosini, maana chuoni alikotoroka aliaga kwamba jino linamuuma. Kitanda kikaingia, pamoja na kipande cha plasta ya ukuta.

Walifunga ndoa Mgeta, juu milimani, baada ya Pasaka, kwa vigelegele na tarumbeta. Kisha bwana harusi akarudi kambini, bibi harusi akarudi bweni la chuo cha ualimu, na ndoa ikabaki kwenye picha. Chumba hiki cha Mji Mpya ndimo walimokutana kila Jumamosi wakawa mume na mke. Pango lake lilitegemea posho ya nyumba, nayo posho hupewa askari ambaye mkaguzi ameona kwa macho yake kwamba mke anaishi humo, anapika humo, analala humo. Ikijulikana mke yuko bweni, posho hakuna. Bila posho, chumba hakuna, na Filomena angebaki kumpungia mumewe mkono kwenye uzio wa chuo mpaka amalize masomo.

Na chumbani mlikuwa na godoro la sponji, ndoo, na msumari wa kutundikia sare. Basi.

Hapo ndipo alipoingia Mama Furaha wa mtaa wa pili. Miaka ile ya ruksa kila nyumba mjini ilikuwa na mradi: huyu anauza barafu, yule anafuga kuku wa kizungu chini ya meza ya kulia. Mama Furaha aliuza maandazi, na pembeni alikodisha nyumba. Si nyumba yenye kuta. Ile ya kuweka ndani ya kuta. Kitanda, kabati, viti, chupa ya chai, hata sufuria zenye masizi yake.

"Masizi ndiyo yenyewe," alisema akizipanga. "Huyo Sajini Kibwana huanza na sufuria. Zikimeta, anajua hapa hapapikwi. Halafu anatazama kanga kwenye kamba. Halafu anaomba chai."

"Umeyajuaje yote hayo, mama?" Filomena aliuliza. "Na ukaguzi wenyewe si wa kushtukiza?"

"Mwanangu, muuza maandazi ana masikio kila kijiwe."

"Stephano wa kikosi chetu aliazima vitu kwa dada yake," Anselmi alidakia, akijifuta jasho.

"Akapata posho?"

"Wapi! Sajini alisema nyumba haina uhai."

"Umeona." Mama Furaha akatoka, akaketi barazani nyuma ya beseni lake.

Haukupita muda, buti zikasikika. Sajini Kibwana, mtu mwembamba mwenye sura ya kukosa usingizi, alimpita Mama Furaha bila hata salamu, akaingia, akazitupia sufuria jicho. Anselmi akakakamaa kama mti wa bendera.

"Huyu ndiye mke?"

"Ndiyo, afande!"

"Mbona kafungwa taya? Umempiga?"

"Hapana, afande!"

"Shikamoo, baba. Ni jino," Filomena alisema, ndipo akakumbuka kuugulia.

"Marahaba. Nipe chai."

Filomena akashika chupa. Mfuniko haukwenda kulia, haukwenda kushoto. Anselmi akaja kusaidia. Mikono minne ikapigana na chupa moja huku wote wakitabasamu kama wanapigwa picha. Sajini akawanyang'anya, akaigonga kitako kwenye kiganja, mfuniko ukatii.

"Za Kichina hizi," alisema, akajimiminia. "Haina chumvi? Mimi chai nakunywa na chumvi kidogo."

Filomena akafungua droo ya kabati kwa kujiamini, kama mwenye nyumba, akatoa soksi ya kiume.

"Yangu, afande!" Anselmi aliruka, akaipokea.

Sajini akaitazama ile soksi, akautazama mguu wa Anselmi uliokuwa kama jahazi, akakohoa.

"Na kitandani hapa, mke analala upande gani?"

"Ukutani!" alisema Anselmi.

"Mlangoni!" alisema Filomena.

Nje jogoo aliwika, akanyamaza, kama naye ameona mambo yameharibika.

"Huwa tunabadilishana, baba," Filomena alisema, na sasa jino lilianza kumuuma kweli.

Sajini alikitazama kitanda kwa muda mrefu, kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa. Akabonyeza godoro kwa kiganja. Akashusha pumzi. Filomena alikwisha kuuona uzio wa chuo, na mkono wake mwenyewe ukipunga.

"Nyumba hii," Sajini akasema hatimaye, "ina uhai. Posho mtapata."

Anselmi alipiga saluti na soksi mkononi. Sajini akatoka.

Filomena alimshika mumewe, akamkumbatia, akaachia, akakimbilia dirishani kuhakikisha kwamba mzee wa watu ameondoka kweli asije akageuza mawazo. Hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama barazani, mkono mmoja kiunoni, na ule mwingine ukiokota andazi kwenye beseni bila kuuliza bei.

"Mke wangu," alikuwa akimwambia Mama Furaha kwa sauti ya chini, "hawa nao nimewapitisha. Lakini leo nakuomba kitanda kirudi mapema. Wiki nzima nalala mkekani utadhani niko msibani."