Chuma Kinachotaka Sababu

Mtaani hakuna mwanamke aliyemshinda Mwanaidi kunyanyua vyuma, maana hakuna mwingine aliyejaribu. Siku hizi kila kazi ina chuma chake cha kumpima mwombaji, na chuma hicho hakinyanyuki mpaka ukiambie ukweli: kazi hiyo unaitakia nini? Yeye aliutaka urubani wa Mwezini, miezi kumi na moja mbali na nyumbani.

Mkaguzi alipofika, mumewe Mbaruku alijikita mlangoni na watoto wao wawili, kavimba.

"Haya, Mama Misuli," akamkejeli mkewe, "nyanyua tukuone."

Mwanaidi akainama. "Naitaka kwa ajili ya wanangu."

Chuma kikaganda sakafuni kama kimechomelewa.

"Ajabu," Mbaruku akasema. "Kila asubuhi ukiwa peke yako jikoni nakisikia kikipanda. Huwa unakiambia nini?"