Lango la Bwana wa Shaba

Tingatinga lilipofika saa mbili asubuhi, Papa Mwenze alikuwa ameshajifunga kwenye nguzo ya lango kwa mnyororo wa baiskeli, anakunywa chai ya chupa.

Mtaa huo wa Etterbeek, katika nchi iliyotutawala zamani, ulijivunia lango lile: nguzo mbili zenye vichwa vya simba, na ukuta mrefu uliofunikwa na majani ya kutambaa. Alilijenga bwana wa migodi ya Katanga. Shaba yetu, simba wake. Mwenye nyumba wa sasa alitaka kulivunja aegeshe magari.

"Papa, weye kweli?" Rafiki yake Bertin alisimama na mkate kwapani. "Baba yako alikufia mu shimo ya ule muzungu. Weye unakufia mulango yake?"

"Niko jardinier hapa, natunza bustani onze ans, miaka kumi na moja. Majani yote hii nilipanda miye." Mwenze alipangusa vumbi jeupe la mawe kwenye suruali. "Muntu analinda kazi yake."

"Bon. Boyi muzuri wa muzungu."

Mwenze alikunywa chai yake, yeye ambaye hajamsamehe hata mwalimu aliyemchapa darasa la pili.

Saa nne alikuja Tasnim, binti wa Kirundi, mkaguzi wa majengo ya kale. Akapima nguzo, akawapiga picha simba, kisha akanyoosha mkono afunue majani.

"Wacha, maman. Ndege zimetaga mule. Mwezi wa tano sheria inakataza kuzisumbua."

Tasnim akacheka, akarudisha mkono. "Papa anaijua sheria kunishinda."

"Nilijisomea. Alors, ukisha kusaini karatasi ya kulinda lango, patron, mwenye nyumba, anaweza kubadilisha nini?"

"Hakuna. Nguzo na ukuta vinabaki kama vilivyo leo. Hata mkwaruzo haufutwi."

"Andika hiyo ya mkwaruzo."

Akaiandika, akasaini. Tingatinga likarudi kinyumenyume, na Bertin akaenda zake akitikisa kichwa.

Mwezi wa tisa, makinda yalipokwisha kuruka, Mwenze alileta mkasi wake mkubwa. Alikata majani yote, toka nguzo hadi nguzo, huku akipiga mluzi. Mwenye nyumba akatoka kutazama.

Ukutani palikuwa na majina arobaini na moja, yamechongwa kwa patasi ya Mwenze, herufi kubwa za kiganja kizima, ya wachimbaji waliofukiwa shimoni siku moja. La kwanza lilikuwa la baba yake.