Kakakuona Hana Udhuru

Siku zile wanyama walipokuwa na vyama vyao, kimoja kilikuwa cha kuzibua chemchemi ya wote. Wanachama wakawa wanapungua kila mwezi. Mwenyekiti Korongo akabandika mabango kila mti: "Jiungeni!" Hakuja hata panzi.

Katibu alikuwa Nguchiro, mdadisi kupindukia. Katika daftari lake, mbele ya jina la Kakakuona, mchimbaji wao hodari, aliandika mara tatu: "Hayupo. Hana udhuru."

"Mfute," akasema Korongo.

"Ngoja kwanza nikamwulize, mwenyekiti. Anavyopenda kuchimba yule, kapatwa na nini?"

Akamkuta Kakakuona kalala shimoni mwake, kucha imeng'oka, midomo imekauka kwa kiu.

"Mbona hukutuambia?"

"Ningekuja kwa mguu gani, ndugu yangu? Nami nilikuwa najiuliza mbona hamji kuniona."

Nguchiro akatoka mbio kwenda chemchemini. Akawa anamletea maji ya chemchemi ileile kila siku mpaka akapona.

Mkutano uliofuata, Kakakuona alifika na majirani kumi na wawili. Korongo akatanua mbawa kwa furaha. "Mmeyaona mabango yetu, eh?"

"Mabango gani?" akauliza Nungunungu, mmoja wa wageni. "Sisi tumesikia kwamba humu, ukikosekana, unatafutwa."