Kipimo Kilichong'olewa

Kibwana aliingia chumba cha mitambo na kukiweka mezani kipimo cha maji alichokuwa ameking'oa mtoni, waya wake umekatwa. Mwanakheri alikitazama, kisha akatazama kioo cha kompyuta. Kina cha mto kilikuwa bado kinapanda.

“Hukufuta ruhusa yake, dada,” Kibwana alicheka. “Hayo ni mabaki ya namba za zamani tu. Mto nimeuvuka na viatu miguuni.”

Kuhusu ruhusa alisema kweli. Kipimo kile, ingawa kilikaa mbali, kiliruhusiwa kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kompyuta bila kupitia kichakataji, na Mwanakheri alikuwa amesahau kuifunga njia hiyo.

“Mabaki hayabadiliki, kaka. Kuna anayeandika.”

“Nani? Kifaa si hiki hapa?”

Mwanakheri alielekeza kidole kwenye kioo. Kilionyesha mita nne. King'ora cha mafuriko kikilia bure, watu wa bondeni hawatakiamini tena, na mama yake Kibwana aliishi bondeni.

Kina kilipofika mita tano, Kibwana mwenyewe alibonyeza kitufe cha king'ora.

Watu walipanda kilimani na mikeka yao, wakigeuka kuutazama mto wa mawe matupu. Kwenye kioo, maji yalikuwa yameshapita kimo cha paa la nyumba ya mama yake Kibwana.