Kete Nyeusi za Mjomba

Polikarpo alisikia buti zikikanyaga maranda uani, akalitupia khanga gogo la mpingo na kulikalia kama kuku anayeatamia. Mkononi alibaki na mfalme mweusi wa sataranji, hana hata pa kumficha.

"Hodi," ilisema sauti, na mwenye sauti akaingia kabla hajakaribishwa. Mtu mzima, shati la kaki, kaptura ya kaki, mkoba begani. Roho ikamruka Polikarpo. Bwana misitu!

Mwaka ule kukutwa na mpingo bila kibali ilikuwa balaa. Juma lililopita tu walimbebea jirani yake Fransis, hapohapo Temeke, magogo yake yote, na yeye mwenyewe wakampakia juu yake. Hili la Polikarpo lilikuja kutoka Rufiji limelala chini ya magunia ya mkaa, na kibali chake alikijua Mungu.

Si kwamba hakujaribu miti mingine. Kete nyeupe alizipata kwa mfenesi, safi kabisa. Nyeusi ndizo zilizomtoa jasho. Mninga ulikuwa mwekundu, mkorosho ukapasuka, na mwembe aliupaka kiwi ya viatu, farasi akatoka kama aliyetumbukia kwenye lami. Kwa mnunuzi wa barabarani ingetosha. Lakini kete hizi zilikuwa za mjomba wake Adelina, na kwa Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno.

Alimpenda Adelina mno, jamani, mpaka alikuwa akikaa kuchonga kinyago anakisahau sikio moja. Posa ilikwishapelekwa Chanika, kwa huyo mjomba. Alikwenda mshenga, Mama Sesilia, maana mambo hayo ni ya mshenga na bwana harusi hatakiwi kusogeza pua. Akarudi na jibu la "tutaona".

"Mjomba mtu ana wazimu wa sataranji," Mama Sesilia alimnong'oneza. "Alijifunzia kwa padri huko misheni. Sasa hivi anachezea vipande vya muhogo mkavu, masikini. Mchongee za mpingo, atalainika."

Ndiyo hizo sasa, na bwana misitu huyu hapa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Polikarpo?"

Lo, mpaka jina wanalo! "Ndiye mie."

"Unaishi na nani humu?"

"Peke yangu."

"Pombe unakunywa?"

Polikarpo akashangaa. Serikali nayo, sasa inataka kujua mpaka ya tumboni! "Ya sikukuu tu, mzee."

Mgeni aliitikia kwa kichwa taratibu. Akainama, akamtwaa mfalme kutoka mkononi mwake na kumgeuzageuza, akampima uzito kiganjani, akamnusa. Uso ukamchangamka.

"Aisee! Mpingo huu!"

"Mpingo?" Polikarpo alicheka. "Mie mpingo nitautoa wapi, mzee? Mwembe huo!"

"Mwembe? Mbona mzito hivi?"

"Nimeutoboa chini, nikashindilia misumari, nikaziba."

"Na huu weusi?"

"Kiwi!" Alichovya kidole kwenye kopo alilokuwa akilitumia kung'arishia, akakiinua juu, cheusi tii. "Ona mwenyewe. Kiwi ya viatu, basi."

Mgeni alikiangalia kile kidole, kisha akamwangalia mwenye kidole. Uchangamfu wote ukamtoka usoni. Polikarpo akaona dawa imeingia, akaona aongeze kijiko.

"Wanaonunua wanajua?" mgeni aliuliza.

"Watajulia wapi? Wazungu wananunua, wakubwa wa ofisini wananunua, na asante wanatoa. Mpingo mie sijaugusa tangu nije mjini. Naapa kwa Bikira Maria. Kazi yangu ni utapeli mtupu, mzee wangu, uliza mtaa mzima."

"Mtaa mzima?"

"Mzima! Hata balozi wa nyumba kumi nilimuuzia bakora ya mwembe, anatembea nayo mpaka leo anajiona mfalme."

Gogo lilikuwa linamchoma makalioni, lakini hakuthubutu kusogea. Mgeni alizitazama kete nyingine zilizopangwa juu ya mkeka, malkia na farasi na askari wao, zinang'aa vizuri ajabu.

"Na hizi umemchongea nani?"

Hapo mwenye akili angenyamaza. Lakini Polikarpo alikwishanogewa.

"Kuna mzee mmoja wa shamba, nataka anioze mtoto. Mshamba wa kutupwa! Mpingo na mkaa hawezi kutofautisha. Nitampelekea Jumapili, atabaki kunishukuru na binti ananikabidhi."

Mgeni alimrudisha mfalme mkekani polepole, akajifuta vidole kwenye kaptura, akaweka mkoba wake sawa begani.

"Nilidhani mpingo," alisema. "Basi nimekosea."

"Hamna neno, mzee! Karibu tena!"

Polikarpo alishusha pumzi ndefu. Ameokoka! Gogo limeokoka, kete zimeokoka, na arusi hiyo inakuja. Ilibaki kidogo aimbe.

Mgeni alifika mlangoni, akasimama, akageuka.

"Kete zako hizo uza hukuhuku mjini, kijana," alisema. "Chanika usiniletee. Adelina nitamwambia mwenyewe."